Hodi ya Mwanga

Koti la mwisho la rangi lilipomalizika kupulizwa, kuba la Wodi ya Watoto Njiti lilikuwa halitazamiki. Lilikuwa la kijivu, zito, kama uji wa ulezi uliomwagikia paani, na mgeni angetuonea huruma. Sisi hatukujali. Rangi ya magamba huwa mbaya mpaka dakika ya mwisho, halafu ghafla inakutoa machozi.

Naitwa Sefania. Katika kikosi cha Injinia Eliwaza Mpinga mimi ni mtu wa ndoo: nachanganya, nachuja, natia tina ya kuzimulia rangi, na nalalamika kuhusu goti langu. Gamba lenyewe ni alumini tu. Linasagwa ndani ya pipa lenye gololi za chuma mpaka kila chembe iwe bapa, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Humo tunatia mafuta kidogo ya nta, kwa sababu gamba lililopakwa mafuta hupanda juu ya rangi mbichi likakaa usoni, na lisilopakwa huzama likapotelea chini. Magamba yetu yana utando wa chuma pia, ili yasikie sumaku. Chini ya kuba zima Injinia alikuwa ametandaza koili za nyaya, kipande kwa kipande. Ukipitisha umeme, mamilioni ya magamba yanageuka kwa pamoja upande unaoutaka. Yakisimama wima, joto linapenya. Yakilala, jua linagonga na kurudi lilikotoka, au ndivyo tulivyozoea kuwaambia wateja. Rangi ikishakauka mchezo umekwisha. Yalivyolala ndivyo yatakavyobaki mpaka paa livunjwe.

Asiyewahi kuishi Bonde Jipya siku ya bendera nyekundu, bendera ya joto kali, atauliza haraka ya nini. Siku hiyo umeme wa gridi unazidiwa na kukatika, feni zinasimama, na jua la jioni linaingia ubavuni mwa wodi ile mpaka kuta zinachoma mkono. Msimu uliopita vitanda kadhaa vidogo vilibaki vitupu. Watu wa mji wetu ni wasemaji sana, lakini hilo hawalisemi. Na sasa watabiri walikuwa wametangaza bendera nyekundu kwa wiki nzima, na katika kitanda cha dirishani chini ya kuba letu alikuwamo mjukuu wa Injinia, mtoto wa bintiye wa pekee, aliyezaliwa kabla ya wakati na kuenea katika viganja viwili.

Kwa hiyo kila mtu alitaka magamba yalale, na mimi nilitaka chai yangu. Ilibaki desturi moja tu.

Wapiga rangi wa kwanza wa mji huu, waliokuwa wakipaka mabati ya nyumba za chini, walijua kwamba mwanga wa paa jipya lazima uangukie mahali, na mahali hapo pana mtu. Basi walikuwa wanamwendea huyo mtu kwa miguu, wanabisha hodi, wanamwambia, "Mwanga wetu utakuja kwako, tunaomba uupokee." Akikataa, wanageuza. Siku hizi kazi ni nyingi na mji umetanuka. Siku hizi mimi napanda kileleni, napaza sauti, "Hodi!" na wenzangu walio chini ya ngazi wanaitikia, "Karibu!" Tunacheka, tunashuka. Ni hodi ya kubisha mlangoni kwako na kuitikiwa na ndugu zako.

Siku ile nikapanda, nikajaza kifua.

"Hodiii!"

"Karibuuu!" wakaitikia wenzangu, na mmoja akaongeza, "Vua viatu!"

Nilikuwa nimekwisha geuka kushuka niliposikia sauti nyingine. Ilitoka juu, upande wa mashariki, kwenye mwamba ambako mtaa wa Majabalini umebandikwa nyumba juu ya nyumba. Kule wanakaa wapasua kokoto. Wako karibu kiasi kwamba tukikaanga dagaa huku, wao wanajua.

"Sisi wenye nyumba," ilisema ile sauti katika kipaza sauti cha mnadani, "hatujasema karibu!"

Kikosi kizima kikaangua kicheko. Injinia Eliwaza hakucheka. Alikuwa amesimama ukingoni mwa kuba na rimoti ya koili mkononi, mwanamke mrefu, mkavu, aliyesomea kemia ya rangi mpaka vyuo vikakosa cha kumwongezea, na miwani yake ilikuwa imeelekea mlimani.

"Nani yule?" akaniuliza.

"Wapasua kokoto, Injinia. Ni matani tu."

"Sikuuliza kama ni matani. Lini mara ya mwisho mmoja wetu alikwenda kule kubisha?"

Nilijikuna kichwa. Nilihesabu misimu kwa vidole, vidole vikaisha. Simu yake ikalia, na kwa kuwa huwa anaweka sauti ya nje ili mikono ibaki huru, sote tukasikia.

"Injinia, magamba yamelala?" Alikuwa Mstahiki Meya Tabia Nkondo.

"Bado, Mstahiki."

"Bado nini? Rangi inasubiri nini?"

Injinia akaitumbukiza rimoti katika mfuko wa ovaroli.

"Bado hatujakaribishwa," akasema, akakata simu. Halafu akanitazama mimi, na goti langu likaanza kuuma kabla hajafungua mdomo.

*

Rangi ya kuba tunaitengeneza ichelewe kukauka, ili koili zipate nafasi. Tulikuwa na mchana uliobaki, basi, wala si zaidi. Injinia alipanda ngazi za mwamba akiwa mbele, mimi nyuma nikihema na kuwataja mababu zangu mmoja mmoja.

Nilikuwa nimeutazama mtaa wa Majabalini kutoka chini miaka yote, na kutoka chini unapendeza. Jioni unameta. Nilipofika ndipo nilipojua unameta nini. Milango yote ya upande wa magharibi ilikuwa imezibwa kwa matofali. Madirisha yalikuwa na magunia. Tangi la maji la plastiki lilikuwa limelegea ubavu mmoja, limeinama, kama mtu aliyesinzia kwenye benchi. Watu walivaa miwani waliyojitengenezea kwa vipande vya chupa za bia vilivyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwanzoni nilitaka kuicheka. Kisha tukapita kwenye kona, paa moja la kule chini likanipiga machoni, nikashika ukuta ili nisianguke.

Nyumba ya mwenye kipaza sauti ilijulikana bila kuuliza, kwa sababu alikuwa amekaa nje nacho mapajani. Mwanamke wa makamo, mabega mapana, vumbi la mawe kichwani na nyundo pembeni.

"Hodi," akasema Injinia.

Mwanamke hakuinuka. "Hodi ya nini? Mbona mlishaingia zamani?"

"Naitwa Eliwaza. Mimi ndiye ninayepaka mapaa ya huko chini."

"Mimi Namsifu. Mimi ndiye ninayepakwa." Akanigeukia. "Na huyu mzee ndiye mwenye sauti? Shikamoo baba. Unapiga hodi nzuri, inafika mpaka huku. Shida yako hungoji jibu."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, na nikatamani nirudi kwenye ndoo zangu.

Namsifu akatuzungusha. Hakulia wala hakubembeleza, alionyesha tu kama mtu anayeonyesha kiwanja. Hapa watoto hulala chini ya vitanda kuanzia saa tisa mpaka jua lizame. Hapa mbuzi alipofuka. Hapa mama mmoja aliungua bega akianika nguo. Walikwishakwenda mjini, wakaambiwa kwamba sheria ndogo za mji zinakataza moshi, kelele na maji machafu, lakini mwanga si uchafu.

"Na sasa mnatuletea kuba," akamalizia. "Kubwa kuliko mapaa yote."

Injinia akavua miwani, akaifuta kwa pindo la ovaroli, akaivaa tena. Akatoa rimoti mfukoni na kuiweka juu ya jiwe, katikati yao wawili.

"Nitakwambia ukweli, Namsifu. Nikibonyeza hapa, magamba yatalala kama mchoro unavyotaka. Wodi itapoa, na ninyi mtaongezewa jua la pili kila jioni. Nikiyasimamisha, ninyi mtapona, na watoto wataiva ndani ya ile wodi. Nimetafuta njia ya tatu tangu tunapanda ngazi. Jua likishuka magharibi, kila pembe ninayoijua inaishia kwenye mwamba huu. Mwanga hauna jalala. Ukiutoa kwako lazima uende kwa mtu."

"Na mtu huyo siku zote ni sisi."

"Siku zote ni ninyi," akakubali Injinia. "Mjukuu wangu yumo mle ndani. Siwezi kukuficha hilo. Ningeweza kubonyeza nikiwa kule kule juu ya paa, na kidole changu kilitaka."

Namsifu aliitazama rimoti. Nilidhani ataitupa bondeni, na sijui kama ningemlaumu.

"Ana ukubwa gani?" akauliza.

Injinia akakutanisha viganja vyake.

"Wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo. Nilimfunga kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi, wiki kwa wiki, sikumshusha hata kwenda chooni. Ndiye yule." Akanyoosha kidole kwa binti mmoja jitu, aliyekuwa akipasua jabali kwa nyundo nzito huku akiimba. "Sasa anakula kuliko sisi sote."

Injinia akacheka, kicheko kilichochanganyika na machozi. Namsifu akaokota rimoti, akaipangusa vumbi na kumrudishia mkononi.

"Njooni huku nyuma. Kuna kitu nataka mkione, halafu mniambie kama mimi ni mjinga."

*

Nyuma ya nyumba, jabali kubwa lilikuwa limeinama na kufanya pango lisilo na kina. Chini yake palikuwa na shimo la zamani la machimbo, limejaa maji ya magadi, na kando ya shimo wapasua kokoto walikuwa wamejenga hori refu la zege lililopakwa masizi na kufunikwa kwa vioo vilivyoegemea mteremko. Mfereji mdogo ulipita chini ya vioo. Mtoto wa darasa la nne angeelewa: maji ya magadi yapate moto, mvuke ugeuke matone kwenye kioo, utiririke mferejini ukiwa maji matamu. Majabalini hawana bomba. Maji ya kunywa hupanda na madumu kutoka bondeni.

"Tulijenga hapa kwa sababu shimo liko hapa," alisema Namsifu. "Tulisahau kwamba jabali linatuzibia jua. Kwa siku tunapata kikombe. Wenzangu wananicheka mpaka leo."

Injinia alikuwa amepiga magoti mbele ya hori, amelaza shavu karibu na kioo, anachungulia magharibi. Kutoka pale chini, kupitia mwanya wa pango, kilionekana kitu kimoja tu. Lilionekana kuba letu, la kijivu, linasubiri.

"Mzee Sefania," akaniita polepole, "unaliona?"

"Naliona."

"Ukiliona, nalo linakuona." Akainuka, magoti yamejaa kokoto, na sasa alikuwa anazungumza haraka. Jua haliwezi kuingia pale kwa sababu linatoka juu. Mwanga wa kuba unatoka chini. Kuba lina vipande vingi vya koili, na kila kipande kinaweza kuinamishwa peke yake, kwa hiyo jua likiwa linashuka, kipande kimoja kikichoka kingine kinapokea zamu, na vyote vinatupa mwanga mahali pamoja. Si kwenye milango, si kwenye macho ya mtu. Ni kwenye hori. "Wodi itapata joto zaidi kidogo kuliko hesabu yangu ya kwanza. Kidogo tu. Haitaiva."

Akampigia simu Sista Grasiana, msimamizi wa wodi, akamweleza, akamuuliza kama kidogo hicho watoto watakivumilia. Sista alipiga hesabu zake. "Watavumilia," akasema. "Fanya."

"Basi nakuomba rasmi," Injinia akamwambia Namsifu. "Mtaupokea?"

Mtu mwingine angerukaruka. Namsifu alikunja mikono.

"Tutaupokea wa kuba. Lakini kuna huu mwingine." Akageuza kidevu bondeni, ambako paa la Halmashauri, pana, refu, lililopakwa na kikosi cha zamani, lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuwaka. "Ule ndio uliotuziba milango. Uondoeni, ndipo tuseme karibu."

Lile lilikauka zamani. Magamba yaliyokauka hayageuzwi na sumaku wala kwa dua, yanaondolewa kwa msasa tu, na mwenye amri juu ya paa lile ni mtu mmoja.

Na mtu huyo, kama aliyeitwa, akatokea. Gari la Meya liliishia pale barabara inapoishia, na Mstahiki akapanda kipande kilichobaki kwa miguu, kwa viatu visivyopenda mawe. Nataka nimtendee haki. Mama huyu si mbaya. Baba yake mzazi alikufa kwa joto katika mji huu huu, na tangu siku hiyo amekuwa akipaka mapaa kama mtu anayelipiza kisasi kwa jua.

"Injinia!" alianza akiwa mbali. "Ngoja ngoja huumiza matumbo! Rangi inakauka, watoto wanasubiri, na wewe uko huku unapiga soga! Nakuagiza hivi sasa—"

Alikuwa amefika uwanjani, mahali wazi mbele ya mlango uliozibwa. Jua lilikuwa limeshuka kiasi. Paa la Halmashauri likampata usoni sawasawa.

Mstahiki akapiga kelele, akainua mkoba kujikinga, akazunguka kushoto, mwanga ukamfuata. Akazunguka kulia, akagonga tangi.

"Nini hicho? Zimeni hiyo taa! Nani anamulika? Zimeni, nasema!"

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Kisha yule binti jitu mwenye nyundo akashindwa kujizuia, na mtaa mzima ukapasuka.

"Haizimwi na sisi, Mstahiki," alisema Namsifu, akimshika mkono na kumwongoza kivulini kwa upole kabisa. "Ni ya kwako. Ni ofisi yako hiyo. Mkuki kwa nguruwe, mama. Keti hapa, macho yatarudi."

Meya aliketi. Machozi ya mwanga yalimtiririka, akawa haoni, anatusikia tu, na nadhani ilimsaidia. Injinia alimweleza habari ya hori na habari ya msasa. Namsifu akamvalisha miwani yake ya chupa. Mstahiki Meya wa Bonde Jipya akatazama mji wake mwenyewe kupitia kioo cha kahawia cha chupa ya bia, mji alioujenga upya, na akautazama kwa muda mrefu.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku."

"Nikilipiga msasa, ofisi yangu itakuwa jehanamu."

"Utafungua madirisha," akasema Namsifu. "Wewe unayo. Ya kwetu tumeyaziba."

Meya akavua ile miwani, akamrudishia, akainuka na kukung'uta gauni.

"Namsifu," akasema, "una msasa huku, au nitume mtu dukani?"

*

Tulishuka mbio. Mimi pia nilikimbia, na goti lisiniulize kitu. Nilipogusa ukingo wa kuba kwa mgongo wa kidole, rangi ilinata bila kuchafua. Maana yake ilikuwa imeanza kushika. Mtu wa kazi hii akiona hivyo, husali au hufanya haraka.

Injinia akafungua jedwali la koili kwenye rimoti. Wenzangu wakasimama kila mmoja na kipande chake. Juu kule Majabalini watu walikuwa wamejaa kwenye kuta, juu ya mawe, juu ya mapaa ya nyumba, na katikati ya mwanya wa jabali alisimama Namsifu na kipaza sauti.

"Mzee Sefania," akasema Injinia. "Sasa."

Nimepiga hodi nyingi maishani. Ile ndiyo niliyoipiga nikijua kuna mtu mlangoni.

"Hodiii!"

Mlima wote ukaitikia, wanaume, wanawake, watoto, na nyundo zikigongwa kwenye mawe.

"Karibuuu! Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Injinia akabonyeza.

Sijui nieleze vipi. Kipande cha kwanza kilitikisika, kama uso wa maji uliopulizwa, na kile kijivu kikaondoka. Chini yake kulikuwa na fedha. Mkanda wa mwanga uliruka kutoka kwenye kuba, ukavuka bonde, ukagonga mwamba pembeni kabisa mwa pango.

"Kulia kwenu!" ikaja sauti ya Namsifu. "Kulia tena! Hapo mmempiga mbuzi! Juu kidogo! Hapo! Usiguse!"

Kipande cha pili, cha tatu, vikafuata. Kila kimoja alikisimamia yeye, huku Injinia akikihamisha upana wa unywele. Kwa vipande ambavyo vingechukua zamu jua likishuka zaidi, tuliwasha taa ya majaribio kwenye mlingoti mahali ambapo jua lingefika, na mwale wake mwembamba ukapelekwa pangoni vivyo hivyo. Cha mwisho kilikuwa ukingoni, mahali rangi ilipokuwa nyembamba, na kilikuwa kimeanza kugoma. Mwale ulibaki kwenye ukuta wa nyumba moja, dirishani, ukakataa kuhama.

"Hapo si penyewe!" akalia Namsifu. "Hapo kuna mtoto!"

"Umeme wote," akasema Injinia.

"Koili itaungua," nikamwambia.

"Iungue."

Nikafungua. Nyaya zikanguruma chini ya miguu yetu, harufu ya vanishi iliyoungua ikapanda, na polepole, kwa uchungu, mwale ukaanza kujivuta kwenye ule ukuta. Ukatoka dirishani. Ukapita juu ya tangi, ukapita juu ya mlango uliozibwa, ukaingia mwanyani na kukutana na wenzake. Koili ikalipuka, pah! Lakini rangi ilikuwa imekwisha kushika, na magamba yakabaki pale pale tulipoyaacha.

Pangoni mlikuwa mnawaka kama tanuri la mwoka mikate. Tukangoja. Kisha kipaza sauti kikakoroma na hakikusema neno. Kilituletea mlio tu. Namsifu alikuwa amekiweka mdomoni mwa mfereji, na mji mzima wa Bonde Jipya ukasikia maji yakidondoka, yakidondoka, halafu yakitiririka.

Nililia waziwazi. Nina umri wa kulia ninapotaka.

*

Bendera nyekundu zilipanda kama walivyotabiri. Umeme ukakatika kama kawaida yake, feni zikasimama, na ndani ya wodi kuta zikabaki za kuwekea shavu. Sista Grasiana alipita kitanda kwa kitanda na kipimajoto, na kila alipomaliza safu alifanya ishara ya msalaba. Hakuna kitanda kilichobaki kitupu.

Upande wa pili wa barabara, juu ya paa la Halmashauri, Mstahiki Meya alikuwa amefunga kilemba na kukunja mikono, anapiga msasa. Hakupiga peke yake, nusu ya mji ilikuwa pale, lakini alianza yeye na alikuwa mbaya katika kazi hiyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. "Mstahiki, unaparaza," nilimwambia. "Msasa unazungushwa." Akaniambia nimwache aparaze. Kule Majabalini tulisikia matofali yakibomolewa milangoni.

Jioni nilikuwa wodini, nimempelekea Injinia chai. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha dirishani, ovaroli imefunguliwa kifuani, na mjukuu wake amefungwa pale kwa khanga, ngozi kwa ngozi. Kichwa tu kilionekana, kidogo kama ndimu.

Mlangoni akatokea Namsifu, bila kipaza sauti, na ndoo ya maji kichwani. Maji yalikuwa meupe kabisa. Alisimama nje ya kizingiti.

"Hodi," akasema.

"Saa za kutazama wagonjwa zimekwisha," alianza Sista Grasiana, akaona ni nani, akanyamaza.

"Karibu, dada," akasema Injinia. "Karibu sana. Ingia."

Namsifu hakuingia. Alishusha ndoo, akaiweka chini taratibu isimwagike.

"Sikubisha kwako wewe," akasema. "Hapa si kwako. Muulize mwenye nyumba."

Injinia akainamisha kichwa kwenye khanga. Mtoto alikuwa macho. Akatoa mkono mmoja, mkono usiozidi kidole gumba changu, akaukunjua, akapiga mwayo mkubwa kuliko uso wake wote.

"Amesema karibu," akasema Injinia.

Ndipo Namsifu akavua viatu, akaingia.